Shahidi wa Maji ya Moto

Jua halijachomoza, na Jaku Maulid ameshapiga magoti kwenye chemchemi ya Amboni, anachota maji kwa kata. Mvuke unampanda usoni. Harufu ya mayai viza imetanda kote, lakini yeye hata pua haikunji.

Madumu manne yakijaa huyafunga kwenye baiskeli, akaikokota hadi mtaani kwake Ngamiani. Haipandi. Baiskeli yenyewe nzima, mnyororo umetiwa grisi, na Tanga hata wazee wa umri wake wa miaka sitini na moja wanapanda.

"Maji haya dawa ya upele," anasema. "Ile miaka ya sabuni kwa foleni, nusu ya mtaa walikuwa wakijikuna. Ndipo n'lipoanza."

Dumu moja ni shilingi mia mbili. Siku njema hupata unga na dagaa, siku mbaya hurudi na maji yake.

Kabla ya hapo alikuwa baharia. Mwaka 1984 alikuwa msaidizi wa jikoni katika meli ya watafiti, huko Pasifiki. Walishusha chombo chenye taa hadi sakafu ya bahari, kusikofika jua, ambako maji hufoka ardhini yakiwa moto kupita ya kuchemka.

"Wakapandisha minyoo," anasimulia. "Mirefu kunipita, imo ndani ya mirija myeupe, vichwa vyekundu kama damu. Mdomo haina, tumbo haina. Waliniambia inalishwa na vijidudu vilivyomo ndani yake, navyo chakula chao ni ile harufu. Beseni walimoiweka nililiosha mimi. Harufu yake, bwana, ni hii hii ya Amboni."

Alirudi nyumbani na simulizi hiyo, nayo ikamponza. Ngamiani walisema baharia katia chumvi. Wakambandika jina la Mnyoo, naye akacheka pamoja nao.

Kicheko kilimwisha mwaka 1988, jioni ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Mawingu ya masika yalifunga mbingu. Yalipoachana kidogo, Jaku, akiwa peke yake ufukweni, akauona mwezi. Akaenda mbio msikitini kutoa ushahidi.

"Maalim, mwezi nimeuona."

Kabla Maalim Saleh, imamu wa msikiti, hajajibu, sauti ikatoka safu ya nyuma: "Mnyoo kauona mwezi." Watu wakaangua kicheko.

Maalim hakucheka. "Ndugu yangu, ushahidi wa mwezi hupokelewa kwa mtu asiyetiliwa shaka. Niwie radhi."

Kesho yake mtaa mzima ulikula mchana. Nyumba moja ilifunga. Jaku alifunga kwa kuwa aliyeuona mwezi imempasa, na mkewe Mwatima akafunga naye.

"Mimi sikuuona," anasema Mwatima, akimsaidia kushusha madumu. "Lakini mume wangu hajanidanganya. Nikafunga."

Tangu siku ile Jaku hakusimulia tena habari za bahari. Inaumiza kumsikiliza, maana hata sasa huzungumza kama mtu anayengoja kukatizwa.

Mwaka jana Miraji, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alinunua televisheni, moja ya vitu vilivyomiminika biashara ilipoachiwa huru. Alasiri moja kioo chake kilionyesha sakafu ya bahari, na wateja wakakimbia kumwita Jaku. Akasimama mlangoni.

"Mirija myeupe?" akauliza.

"Myeupe, Mzee Jaku."

"Vichwa?"

"Vyekundu."

"Mdomo je?"

Miraji akaitegea sikio televisheni. "Wanasema haina."

Hapo ndipo walipotambua kuwa picha ile mzee haioni. Mtoto wa jicho ameyafunika macho yote mawili, na ndiyo sababu baiskeli anaikokota.

Maalim Saleh alimfuata nyumbani kumtaka radhi. Alimwambia kuwa siku atakapouona tena mwezi, neno lake litatosha.

"Nilimsamehe," anasema Jaku. "Alipoondoka nikalia. Wameniamini, na macho yamekwenda zake."

Mwezi ujao, hospitali itampasua jicho la kulia. Akifunguliwa bandeji anataka kwanza auone uso wa Mwatima, kisha aanze kuhesabu siku za Shaaban hadi jioni ya kuutazama mwezi wa Ramadhani.

"Jioni ile nitakwenda ufukweni," anasema, akiipapasa baiskeli kutafuta mpini. "Nikiuona, nitasema nimeuona. Nisipouona, nitasema sikuuona."