Miguu ya Mzee wa Japani

Mama yangu ni fundi cherehani. Ameshona kwenye kibaraza cha nyumba yetu, katika kata ya Sokon I, tangu kabla sijazaliwa, na ninapojaribu kukumbuka sauti za utotoni nashindwa kuitenga sauti yake na ya cherehani chake. Mwaka niliorudi nyumbani kutoka chuo, kule Makumira, cherehani hicho kilikuwa kimezeeka kwa namna ya kutia aibu. Kiliruka mishono, kilivuta kitambaa makunyanzi, na kila kilipofika kwenye kona ya kola kilisita kama mtu aliyesahau sala katikati.

Ndipo mwenyekiti wa kwaya ya usharika mmoja wa Oldonyo Sambu alipokuja kuagiza sampuli ya joho. Alikuwa mfugaji mrefu, mwenye sauti ya besi hata anapoomba maji ya kunywa. Alieleza kwamba upande wao wa mlima kuna upepo, hivyo kitambaa kiwe kizito, na kwamba kola iwe na paipingi, ule utepe uliofungwa kamba ndani unaoinuka kama mshipa ukingoni mwa nguo. Sampuli ikipendeza, kwaya nzima ingevaa kazi ya mama. Ikiwa na makunyanzi, wangekwenda kwenye duka la mjini, lile lile lililokwisha kumchukulia mama sare za shule na magauni ya kipaimara.

"Itapendeza," mama alimwambia.

Alipoondoka, mama alikitazama cherehani kama mtu anavyomtazama ng'ombe mkavu baada ya kuwaahidi wageni maziwa.

Jirani yetu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na duka la mitumba ya vyombo kutoka Japani, au angalau vyombo ambavyo yeye alisema vimetoka Japani. Alituletea cherehani kilichong'aa kwa rangi mbichi.

"Kipya hiki, mwanangu. Hakijaguswa na mkono wa mtu."

Nilimwamkia, nikainama, nikamwuliza kwa heshima kwa nini kitu kisichoguswa kilikuwa na alama za meno kwenye kishikio.

"Panya wa Japani hao," alijibu bila kupepesa macho. "Wewe msomi, hujui kuwa na wao wana panya?"

Nilikataa. Nilikuwa nimetoka chuo nikiamini, na bado naamini, kwamba uongo mdogo wa sokoni ndio mtaji wa uongo mkubwa wa taifa. Niliazimia kumnunulia mama cherehani kwa mtu mkweli, hata kama mtu huyo angepatikana ng'ambo ya bahari. Nikamtafuta mtandaoni, na nikampata Japani kwenyewe: mzee aliyestaafu ufundi, aliyekuwa akiuza vyombo vya karakana yake kimoja kimoja. Mtandao ule ulikuwa na mkalimani wa mashine, na tangazo lake lilinijia kwa Kiswahili hivi:

"Takataka. Kichwa cha cherehani, bila mota. Kinashona vizuri. Kuna mkwaruzo upande wa kushoto, ukubwa wa punje ya mchele. Kuna harufu ya nyumba yetu. Mtu mwenye wasiwasi mwingi tafadhali ajizuie kununua."

Nilimsomea mama neno kwa neno.

"Mwenyewe anakiita takataka?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unataka kukinunua."

"Ndiyo sababu nataka kukinunua."

"Ee Ruwa," mama alisema, akimwita Mungu kwa Kichaga kama afanyavyo Kiswahili kinapomwishia. "Nimesomesha mtoto ili aagize takataka kwa meli."

Jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni akijidai kutafuta kivuli, alitikisa kichwa. "Mfanyabiashara anayeitukana mali yake mwenyewe ni mgonjwa. Na hiyo harufu ya nyumba yao ni harufu gani? Umeuliza?"

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba wauzaji wa kule huita takataka kitu chochote ambacho hawawezi kukitolea dhamana, hata kikiwa kizima kama yai. Wakati huo sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba nimempata mtu mkweli, na kwamba napaswa kumwandikia kwa heshima inayomstahili.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo. Niliamua kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuona sababu ya Mtanzania na Mjapani kukutania kwenye uwanja wa Mwingereza. Lakini nilipoandika "Shikamoo, mzee wangu," mkalimani aliliacha neno hilo kama lilivyo, katikati ya herufi za Kijapani, kama jiwe kwenye wali. Kuanza barua kwa mzee bila salamu sikuweza. Basi nikakumbuka somo la asili ya maneno, kwamba shikamoo ni kushika miguu, nikalifungua neno hadi kwenye mzizi wake. Nikaandika: "Nashika miguu yako, mzee wangu. Naomba kununua cherehani chako."

Jibu lilikuja upesi. "Asante sana. Nimeelewa kuhusu cherehani na mguu. Nitautafuta mguu."

Nilimsomea mama.

"Hiyo ndiyo marahaba yao?" aliuliza.

"Nadhani ni namna yao ya unyenyekevu," nilisema. "Anautafuta mguu ili niushike."

Nilipomwandikia tena kuulizia usafirishaji, nilianza kwa salamu ile ile. Akajibu: "Samahani sana. Mguu wa kwanza upo. Mguu wa pili una kutu kidogo, naushughulikia kwa mafuta."

Mama aliacha kukata kitambaa. "Maskini. Kumbe mzee ana miguu mibovu."

"Kutu," nilisema, nikitafakari. "Pengine ni baridi yabisi."

"Gauti hiyo," alisema jirani. "Nyama choma."

"Japani wanakula samaki," mama alimjibu.

"Basi gauti ya samaki."

Mama aliniagiza nimpe pole. Niliandika: "Nashika miguu yako, mzee wangu. Pole kwa miguu." Naye akaomba radhi kwa maneno mengi kwamba miguu imechelewa, akaongeza kwamba amepata mwingine mwembamba. Tukasikitika zaidi. Mtu anayesema amepata mguu mwingine mwembamba, tulielewa, ni mtu ambaye mguu wake umekonda. Katika ibada ya jumuiya mama aliomba mzee aombewe, na wanajumuiya, ambao hawakuwahi kumwona Mjapani ila mmoja wao, dereva wa watalii, aliyewahi kuwaendesha, walimwombea kwa bidii mzee wa Japani ili Bwana amsimamishe. Kisha mama akachukua mabaki ya kitenge na kipande cha blanketi, akamshonea ndara laini za kuvaa ndani. Alizishona kwa mkono, maana cherehani kilikwisha kumsaliti.

Nilitaka kuzituma mara moja. Mama alikataa. "Kwanza tuone takataka yake itafikaje."

Ilifika siku chache kabla ya Jumapili tuliyoahidi kuipeleka sampuli. Nililichukua boksi posta, karibu na mnara wa saa, nikalibeba hadi nyumbani begani kama mtu aliyeshinda mashindano. Mama, jirani na mimi tulilifungua kibarazani. Kulikuwa na karatasi ndani ya karatasi, na kamba iliyofungwa kwa fundo ambalo mama alikataa kulikata kwa sababu lilikuwa zuri mno. Ndani yake kilikuwamo kichwa cheusi cha cherehani, kimepakwa mafuta, kimya. Mama aliutafuta ule mkwaruzo wa punje ya mchele kwa muda mrefu. Alipoupata, alicheka.

"Kweli upo," alisema. "Hakudanganya."

Jirani aliinama akanusa. "Harufu ya nyumba yao ni harufu ya chai," alitangaza, kama aliyeshindwa kesi.

Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa kitambaa. Mama aliukung'uta mapajani, na vikadondoka vipande vya chuma, kila kimoja kikiwa kimeviringishwa kwenye karatasi yake. Alifungua kimoja. Akafungua cha pili. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama?"

"Miguu," alisema, machozi yakimtoka. "Mwanangu, hii ni miguu!"

Kile kipande kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, mafundi huku kwetu hukiita mguu, na ni dhahiri kwamba Wajapani nao wana jina la kukaribiana nalo. Kila nilipomwamkia, yule mzee alielewa kwamba naagiza mguu mwingine wa cherehani. Mguu wa zipu, mguu wa pindo, ule uliokuwa na kutu uliopakwa mafuta, ule mwembamba. Heshima yangu yote ilikuwa imelala mapajani mwa mama, imefungwa kwenye karatasi.

Jirani alilazimika kukaa kwenye ngazi. "Lau ungemwamkia asubuhi na jioni," alisema alipopata pumzi, "leo tungefungua duka."

Mimi sikucheka. Niliona kwamba nimechukua mali ya mtu kwa kutumia salamu, na hilo, kimaadili, lilinisumbua. Lakini mama alikuwa amekwisha kukifunga kichwa kipya juu ya meza yake ya zamani, na kilishona kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Kati ya miguu ile, mmoja ulikuwa na mfereji chini yake. Mama aliushika mwangani.

"Huu ni wa paipingi. Nimeuona kwa wenzangu mjini. Sijawahi kuutumia."

Alijaribu. Kamba ilitoroka kutoka kwenye utepe. Akajaribu tena, na kola ikatoka imevimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Jioni ilipofika kapu lilikuwa limejaa kola mbovu, na kitambaa kizito cha kwaya kilikuwa kinakaribia kwisha.

"Mwulize mzee mwenyewe," alisema.

Nikaketi na simu, na sikuweza kuandika.

"Nini tena?"

"Nikimwamkia, atatuma mguu."

"Basi usimwamkie."

Nilimtazama. Alikisikia mwenyewe alichosema, akaweka mkasi chini. "Hapana. Sikukulea hivyo. Huwezi kumwomba msaada mzee wa watu bila shikamoo."

"Andika 'habari za leo'," jirani alishauri.

"Habari ni ya rika," mama na mimi tulimjibu kwa pamoja.

Hatimaye nilifanya lile ambalo ningepaswa kulifanya mwanzoni. Nilimwandikia kwamba kwetu kijana hamsalimu mzee kama anavyomsalimu mwenzake. Kwamba neno letu la kale, shikamoo, lina maana ya kuinama hadi miguuni pake. Kwamba sikuwa naagiza chuma, nilikuwa naonyesha adabu. Kwamba niko tayari kuilipia miguu yote. Na kwamba mama yangu hajui kamba ya paipingi ikae upande gani wa sindano, na Jumapili inakuja.

Tulisubiri. Asubuhi ikaja picha: mkono wa mzee, wenye madoa ya uzee, ukiuonyesha mguu kama ule ule, kamba ikiwa imelala mferejini na sindano imesogezwa kushoto kabisa. Chini yake yalikuwapo maneno: "Nimecheka na mke wangu mpaka chai imepoa. Miguu ni takataka, haina bei. Kijana anapoinama, mzee anasema nini?"

Mama aliisogeza sindano kushoto. Kola ikatoka, na paipingi ikaizunguka yote bila kukatika wala kuvimba.

Jumapili ile upepo wa Oldonyo Sambu ulikuwa unang'oa kofia. Mwenyekiti aliivaa sampuli nje ya kanisa, mbele ya kwaya yote, akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa kola. Ndipo dhamiri iliponisukuma mbele. Nilisema ni haki yao kujua kwamba chini ya kwapa la kushoto mshono umepinda kidogo, takribani punje ya mchele. Mama alinifinya mgongoni kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Wapi?" aliuliza mwenyekiti, akiinua mkono. Sauti ya kwanza wakachungulia, besi wakachungulia. Waligeuza joho ndani nje. Hawakuuona.

"Ero," mwenyekiti aliniambia hatimaye, kama wanavyomwita kijana kwa Kimaa, "kama hiki ndicho kibaya chenu, kizuri kikoje?" Akamgeukia mama. "Shona yote. Tuko wengi, mama, na wengine ni wanene."

Tuliporudi nyumbani nilimwandikia mzee kwamba jibu ni "marahaba". Alijibu kwa neno hilo moja, akiwa ameliandika mwenyewe kwa herufi zetu, na mstari wa pili ukasema: "Shikamoo, mama fundi."

Mama alisimama. "Mzee wa miaka hiyo ananiamkia mimi? Mwambie ageuze! Mimi siwezi kuitika."

"Amekushika miguu, jirani," alisema yule wa Tanga, ambaye juma lile alikuwa amebandika neno TAKATAKA kwenye chupa zake za chai na kushangaa zinavyonunuliwa. "Sasa na wewe mtumie mguu."

Mama alifikiri kidogo, kisha akaingia ndani. Alitoka na zile ndara za kitenge, akazikung'uta, akazifunga kwenye karatasi zile zile za Japani, kwa kamba ile ile ambayo alikuwa ameifungua bila kuikata.

"Andika," aliniamuru, "na usipambe kitu. Takataka. Ndara za ndani, jozi moja. Ya kushoto ni ndefu kidogo. Zina harufu ya nyumba yetu." Alizinusa kuhakikisha. "Mwenye wasiwasi mwingi asivae."