Sketi ya Sipiyu

Wiki jana mwalimu mmoja wa Kaaga aliniletea kompyuta yake ya mezani hapa kibandani kwangu Kinoru. "Fundi," akaniambia, "nikiandika barua imenyamaza kabisa. Nikiipa kazi nzito tu, inalia pii pii pii, halafu inazima." Nikaiwasha, nikafungua mambo chungu nzima kwa mpigo, na kweli ikaanza kulia. Haki ya Mungu, nikaizima upesi. Si kwamba sikujua ugonjwa wake. Ule mlio niliujua nikiwa na miaka kumi na miwili, sebuleni kwa nyanya, na wacha nikwambie wewe, maana kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia mtu.

Nyanya alikuwa mtu wa vitambaa. Kwake hukuona kiti kikikaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata themosi ya chai ilivaa. Alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe na ukingo mwekundu, ameketi mlangoni, sahani ya nduma iliyopoa kando yake. Sasa mjomba, ambaye alikuwa mwalimu upande wa Ishiara, alipoleta kompyuta nyumbani, nyanya aliizunguka mara mbili akaguna. "Kai! Watu wa kanisa wakiingia wakute kitu hiki hivi hivi?" Kufikia Jumapili ilikuwa imevaa. Skrini ilipata leso, na lile kasha la chini tunaloliita sipiyu likashonewa sketi ndefu hadi sakafuni, na bitana nzito ndani ili vumbi lisipenye. Mbele aliacha kitundu kimoja cha kupitisha kidole cha kuwashia.

Kompyuta ilikabidhiwa binamu yangu wa kike. Tulilelewa hapo pamoja, tukalala kitanda kimoja, na alinizidi mwaka mmoja tu. Lakini yeye alisoma shule ya bweni, walikofundishwa kompyuta, na mimi nilisoma ile ya mchana hapo bondeni. Mjomba akatangaza mbele ya wote kwamba asiyejua asiguse. Wee! Niliumia. Likizo ile mimi nilikata majani ya nepia ya ng'ombe, nikachota maji, nikachuma kahawa hadi vidole vikawa vyeusi, na yeye ameketi kwenye kiti cha mto, kucha safi, akibonyeza. Nilimwonea wivu hata kwa namna alivyopiga miayo. Nikimpelekea uji alisema, "Weka hapo, usimwage kwa mashine," bila kunitazama. Mtoto tuliyegawana naye blanketi!

Na kazi aliyopewa ndiyo ilinimaliza. Krismasi hiyo ukoo mzima ulikuwa umfanyie nyanya sherehe ya shukrani, na mjomba alitaka watu waonyeshwe video: picha za zamani, na sauti ya nyanya mwenyewe akimwongelea kila mtoto na kila mjukuu. Kila alasiri wawili hao walijifungia sebuleni, nyanya akiongea kwenye maikrofoni, binamu amevaa hedifoni. Mimi nilipita nje na mzigo wa nepia kichwani nikisikia mnong'ono tu. Nilijiambia kwamba huko ndani sitajwi.

Wakati wa kuunganisha vyote kuwa video moja ulipofika, ndipo vilio vikaanza. Pii pii pii, kisha skrini nyeusi. Binamu anaanza upya, inafika nusu, inalia, inazima. Mjomba alileta fundi kutoka mjini. Fundi akavua ile sketi, akafungua kasha, akaijaribu kwa saa nzima, na mashine haikulia hata mara moja. Akanywa chai yake akaenda. Nyanya akairudishia sketi, maana wageni hawakukosekana, na asubuhi yake ikalia tena. Mjomba akaamua kwamba binamu anacheza gemu. Akamgombeza mbele yetu, naye akalia hadi kwikwi ikamshika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikijisikia vizuri. Ndiyo, vizuri. Sitakudanganya.

Siku mbili baadaye nilitumwa kufagia chini ya meza wakati yeye anajaribu tena. Ilipoanza kulia, niliingiza mkono chini ya kile kitambaa na kuuondoa upesi. Kulikuwa na joto la sufuria iliyotoka motoni. Nikainua sketi kidogo, na baada ya muda mlio ukanyamaza. Nikaishusha, ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu, nimepiga magoti na ufagio mkononi, na juu yangu binamu anasema peke yake, "Tafadhali, tafadhali." Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nikamaliza kufagia nikaenda kuwapa ng'ombe maji.

Mashine iliendelea kuzimika hivyo hadi ikakataa kuwaka kabisa. Sherehe ilifanyika bila video. Tulikula mukimo, watu wakaimba, nyanya akafurahi. Mjomba aliichukua kompyuta, ikafutwa yote na kuanzishwa upya kwa ajili ya shule yake. Mwaka uliofuata nyanya alituacha. Nyumba ile ilibomolewa, kahawa ikang'olewa wakapanda migomba, na leo ukipita pale huwezi kuonyesha mlango ulikuwa wapi. Picha zake tunazo. Sauti yake hakuna aliyenayo.

Nilipomaliza kuipangusa ile kompyuta ya mwalimu vumbi lililoziba njia ya hewa, nilimpigia binamu yangu, ambaye siku hizi anakaa Embu, nikamweleza yote, hadi mkono chini ya kitambaa. Nikangoja matusi.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua. Nilikuonea wivu, dada. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliona wivu?" Akacheka, kicheko kibaya kidogo. "Unajua sisi wengine nyanya aliongea juu yetu dakika mbili mbili? Juu yako aliongea alasiri nzima. Nilikuwa nimechoka kushika maikrofoni na bado anaendelea. Nilitoka pale nimekasirika hata sikukuambia. Nilisema utasikia siku ya sherehe."

Nilikalia kiti. Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi na sikuzisikia vizuri.

"Alisema nini?"

"Aki, ni miaka mingi."

"Jaribu. Hata neno moja."

Nilimsikia akivuta pumzi, anajaribu kweli. "Nilikuwa na hasira," akasema mwishowe. "Sikuwa nasikiliza."