Mjomba alitaka kuwachukua wadogo zangu kwa sababu mimi ni mnene

Wakuu, nawasalimu. Haya yalinipata mwenyewe Kolwezi, enzi za Zaïre, na chumvi nimeiacha jikoni.

Wazazi walipofariki niliacha shule niwalee wadogo zangu wawili. Waliniita yaya, yaani dada mkubwa.

Wao wembamba kama mabua. Mimi, tusifichane, nilijaza mlango.

Tulikula bukari, ndiyo ugali wa kwetu, katika sahani moja. Nani kala kiasi gani, hakuna aliyeona. Lakini mtaa ulikuwa na jibu tayari: yaya anakula cha wadogo zake!

Maneno yakafika Sandoa kwa mjomba. Akatuma habari: anakuja kuwachukua watoto.

Nikaogopa. Nikaanza kula mara moja kwa siku ili nipungue kabla hajafika.

Wiki tatu, wakuu! Kiuno kilekile. Nilichopata ni kizunguzungu penye bomba la maji.

Jirani akacheka: "Yaya, weye hata ukikula upepo, unanona!"

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenifumbua macho. Mwili ukinyimwa chakula hubana matumizi, na kweli kwa kukosa nguvu nilikuwa nashinda nimekaa. Mafuta ni akiba ya zamani, hayasemi umekula nini leo. Tena miili haichomi chakula sawasawa. Siku hizi wajuzi wanasema metaboli.

Mjomba akafika, hata maji hajanywa: "Batoto banakonda, weye unanona. Unakula bukari ya nani?"

"Mujomba, bakia semaine moja. Kila mutu na sahani yake. Utaona na macho yako."

Akakubali kukaa wiki hiyo. Akawa anatukodolea macho kila mlo kama askari wa forodha.

Siku ya kwanza Kapend, kitinda mimba wetu, alimaliza sahani yake akahamia yangu. Akatoka mbio kwenye mpira, akarudi kuuliza cha jioni.

Siku ya nne mjomba alianza kuikinga sahani yake kwa mkono.

Siku ya saba alifunga mzigo wake tu. Kabla ya kuondoka akaweka kipande chake cha samaki mbele yangu.

"Batoto babaki kwako. Sasa kula, mama, usisikie haya."

Nilitafuna huku machozi yananitoka.

Nilichojifunza: tumbo la mtu halikuonyeshi sufuria yake. Na ukisingiziwa, usijitese kwa njaa. Waalike wanaokusema waje mle pamoja.

Karibuni wakuu. Nani mwingine mwili wake umewahi kumtolea ushahidi wa uongo?