Amesafiri

Nyumbani kwetu Morogoro tulifunzwa mapema: mtu usiyemjua akimuulizia wa ndani, jibu ni moja tu, amesafiri. Mama alimsafirisha baba hata akiwa chumbani anakoroma. Neno hilo nilikuja nalo mpaka London, likanifaa miaka yote, hadi lilipomgeukia mdogo wangu.

Mdogo wangu anahudumia wazee katika nyumba ya wazee huko Edmonton, kaskazini mwa London. Mwaka jana polisi walimsimamisha nje ya stesheni, wakamkuta na kete mbili za unga. Tulikuwa tunaishi nyumba moja na sikujua kitu. Nilidhani ni uchovu wa shifti. Askari akampa njia: akiri kwamba zilikuwa zake, ahudhurie vikao sita kwenye kituo cha tiba, asipotee, na mambo yaishie hapo bila kufika mahakamani. Akikosa bila sababu, faili linarudi polisi na anashtakiwa. Na akishtakiwa, kazi ya wazee aisahau.

Alihudhuria vinne. Akaanza kula tena, akaanza hata kunisema kwa chumvi yangu nyingi. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa ya woga. Bahasha ya kahawia, ya barua za serikali, ikianguka mlangoni nilikimbia kuiokota kabla yake. Kwa kuwa kazini kwao simu zinafungiwa kabatini, aliwaachia watu wa kituo namba yangu pia.

"Wakipiga, dada, pokea tu. Waambie ukweli, basi."

Siku ya kikao cha tano nilikuwa dukani Tottenham, kwenye foleni na mfuko wangu wa dona. Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye masikio yake husikia hata usichosema. Simu ikalia, haionyeshi namba. Mwanamke wa kituo akaniuliza kwa upole mdogo wangu yuko wapi, mbona hajafika. Nilijua alipo. Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba mwenzake wa kumpokea shifti kachelewa na hawezi kumwacha mzee peke yake. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini mama wa kwaya alikuwa amenyamaza ghafla, na mimi nikaogopa asije akauliza ni kikao cha nini.

"She's travelled," nikasema, amesafiri yetu ile ile. "Tanzania. There's a funeral."

Akanipa pole, akauliza ameondoka lini. Nikasema Jumapili. Nikasikia vidole vyake vinaandika.

"Jamani, nani kafariki?" mama wa kwaya akauliza.

Nikamuua shangazi papo hapo. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilimwombea, mwanamke mzima wa afya, huku nimeinamisha kichwa.

Jioni ile mdogo wangu aliingia na begi bado begani. Alikuwa amekimbia mpaka kituoni, akafika amechelewa dakika arobaini.

"Wameniangalia kama mzimu, dada. Wanasema niko Tanzania, eti nimezika. Kwenye computer yao ishaandikwa."

"Nilikuwa nakusitiri, mdogo wangu."

"Ulikuwa unanisitiri mimi, au unajisitiri wewe?"

Nikalichukua lile begi begani mwake, nikaliweka kitini.

Kesho yake tukaenda wote kituoni, na ratiba yake ya shifti mkononi. Pale mezani nikasema kwa sauti jambo ambalo sikuwahi kulitamka hata jikoni kwangu: mdogo wangu alikuwa anatumia unga, anajitahidi kuacha, na mwongo ni mimi. Mwanamke yule wa simu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, ila taarifa kwamba kikao kimekosekana kwa sababu ya uongo imeshakwenda polisi na uamuzi si wake tena. Tusubiri simu yao, watapiga namba yangu ile ile.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Mimi niliyaficha maradhi ya mwenzangu, na aliyeumbuka ni yeye.

Tulisubiri wiki tatu. Alikwenda kazini, akarudi, akala kidogo, chumvi yangu hakuisema tena. Nililala nikisikiliza kama bado yumo chumbani kwake.

Asubuhi moja tunakunywa chai, simu yangu ikalia mezani. Haionyeshi namba. Nikaitazama.

Akaisukuma taratibu mpaka ikagusa kikombe changu.

"Pokea, dada," akasema. "Waambie nipo."