Tulivyokwenda Kuposa Ruhembe kwa Baiskeli ya Kijiji

Haya, nyinyi mliokaa juu ya magunia, na nyinyi mnaojifanya mnapita tu kumbe masikio yako huku, sogeeni! Na huyo mbuzi mnyamazisheni. Leo nawapeleka Ruhembe kwa baiskeli, nauli yenu ni kucheka tu. Anayetaka ukweli mtupu aende kwa karani. Mimi sikusoma, ukweli wangu huwa nauongezea maji kidogo ili utoshe watu wote.

Sababu ya safari ilikuwa Zena. Miaka ile tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, hapa hapa nje ya Kilosa, Zena alikuja kukaa kwa shangazi yake msimu mmoja wa mavuno. Binti akipita, kuku wanaacha kudonoa. Tukapatana. Akarudi kwao Ruhembe kwenye miwa, na haukupita muda ikaja habari kwamba nyapara mmoja wa wakata miwa, mwenye redio na kofia pana, amepeleka posa. Baba yake Zena akanitumia neno: jibu atalitoa Ijumaa, na kama namtaka binti niwe nimefika na mshenga wangu. Siku hiyo ni Jumanne! Na basi la Mikumi lilikuwa limelala gereji muda mrefu, mpaka kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Kijijini tulikuwa na baiskeli moja, nyeusi, ya Kichina. Ilikuwa ya watu wote, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuipanda. Ilikuwa na kamati yake. Wajumbe wa kamati walikuwa wengi kuliko spoki, na hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha. Nikaomba kuazima, mkutano ukaitishwa. Wakajadili mpaka vivuli vikahamia upande wa pili. Mmoja anasema kuoa ni ubinafsi. Mwingine anasema hapana, kuoa ni kuongeza nguvu kazi. Mwishoni akasimama mwenyekiti wa kijiji, akakohoa kile kikohozi cha uongozi.

"Ndugu wananchi, Mrisho hawezi kutumia mali ya wote kwa shughuli ya mtu mmoja. Kwa hiyo tunaazimia kwamba shughuli hii si ya mtu mmoja. Kinachooa ni kijiji!"

Makofi! Vigelegele! Hata mimi nilipiga makofi, mjinga mimi.

"Na mali ya kijiji haitoki bila mlinzi," akaendelea. "Ndugu Kibwana, katibu wa kamati ya baiskeli, atakaa kwenye keria."

Sasa, hiyo keria ilikuwa nafasi ya mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga. Mjomba ni mwembamba, ukimpakia hata tairi halijui. Katibu Kibwana, bwana wee, akikaa benchi, wa upande wa pili anapaa. Mjomba akabaki.

Jumatano alfajiri tukatoka Kilosa. Barabara inashika kusini, mkonge huku na huku, milima ya Rubeho upande wa kulia imejifunika ukungu kama mgonjwa. Changarawe ya njia ile si changarawe ya kuchezea. Punje moja ukubwa wa ngumi! Baiskeli ikitetemeka, meno yangu yanabadilishana nafasi. Nchi yenyewe ni nzuri, wallahi, kilima kinapanda, bonde linashuka, kijito kinapita chini, kama mtu amekunjua mkeka halafu akashindwa kuunyoosha. Lakini uzuri wa kilima unauona ukiwa huna katibu mgongoni.

Kilima cha kwanza nikashuka nisukume. Katibu hakushuka.

"Ndugu katibu, shuka kidogo basi."

"Nikishuka, mali ya kijiji itabaki bila ulinzi."

"Basi tupokezane. Wewe sukuma, mimi nilinde."

"Mrisho," akasema kwa upole, "kila mtu achangie kwa uwezo wake. Wako uko miguuni. Wangu uko kwenye mipango. Sukuma, tunajenga taifa."

Nikalijenga. Kila kilima nilichosukuma, nilijenga shule na zahanati.

Saa sita mchana nikafika Ulaya. Mnacheka nini? Hakuna ndege wala meli, kuna kijiji barabarani kinaitwa Ulaya, na mimi nimekifikia kwa miguu yangu miwili. Wazungu sikuwaona. Nilimwona mama mmoja anauza mihogo ya kuchemsha. Akanitazama navyotokwa jasho, akamtazama katibu alivyo mkavu.

"Pole mwanangu. Mbona umepakia mzigo unaoongea?"

"Shikamoo mama. Huyu ni katibu wa baiskeli."

"Marahaba. Na baiskeli nayo ina katibu! Na pampu je, ina mwenyekiti?"

Katibu akala mihogo. Alikula, nawaambia, mpaka yule mama akaanza kuficha sufuria.

Mbele ya Ulaya, jua likielekea Rubeho, tukakuta tembo katikati ya barabara. Mmoja tu, lakini masikio yake yangeezeka zahanati. Nikafunga breki. Nikageuka nimuulize katibu tufanyeje, keria iko tupu. Kumbe ameshatangulia! Ameshakuwa kule nyuma karibu na kona, anakwenda kama swala, shati linapepea. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba katibu ana miguu. Tembo akatutazama, akaona hatuna faida, akaingia porini.

Mikumi tulilala kwa fundi seremala mmoja mkarimu. Alhamisi asubuhi tukatoka mapema, na hatujafika mbali, pshiii, pancha. Nikatoa gundi na kiraka. Katibu akanishika mkono.

"Hapana. Ukarabati wa mali ya kijiji unahitaji idhini ya kamati."

"Kamati iko Kilosa!"

"Basi tusubiri."

Jamani, tulikaa kwenye jiwe pale mpaka jua likanigeuza rangi mara mbili. Kesho ni Ijumaa, nyapara anapaka viatu rangi, mimi nimekaa nasubiri idhini ya kiraka. Akili ikanijia.

"Ndugu katibu, wewe si kamati? Itisha kikao. Nyoosha mkono."

Akafikiri. Akasimama, akafungua kikao, akaliuliza jiwe kama lina hoja nyingine, akanyoosha mkono, akajihesabu, hoja ikapita. Nikaziba tairi. Lakini mchana ulikuwa umekwisha kwisha, ikabidi tulale njiani.

Ijumaa asubuhi, Ruhembe. Miwa kulia, miwa kushoto, hata hewa unaweza kuilamba. Tukaingia uwanjani kwa akina Zena. Baba yake amekaa, bibi yake amekaa, na pembeni kuna mshenga wa nyapara, ameweka redio mapajani kama anamlea mtoto.

"Shikamoo baba. Shikamoo bibi."

"Marahaba," wakaitika.

Katibu yeye akamwendea bibi mkono mbele: "Ndugu bibi, habari za ujenzi wa taifa?"

"Nani ndugu yako?" bibi akamjibu.

Tukaanza vibaya. Na sasa sikilizeni vizuri. Kwao anayeposa, akishasalimia, hafungui mdomo tena. Anasema mshenga. Ukijitia kujisemea mwenyewe, umekosa adabu, unarudi ulikotoka na mke hupati. Na mshenga wangu yuko Kilosa! Nikamnong'oneza katibu: "Niposee, tafadhali. Sema maneno machache tu." Nikafunga mdomo. Mimi, kunyamaza! Ni sawa na kuuambia mto Mkondoa usubiri kidogo.

Katibu akasimama, akavuta suruali juu.

"Ndugu wananchi wa Ruhembe! Kijiji chetu, kwa kauli moja, kimeazimia kumwoa binti yenu."

Baba Zena akainua kichwa. "Subiri bwana. Anayeoa nani?"

"Kijiji."

"Kijiji ni mtoto wa nani?"

"Kijiji kizima, mzee. Sisi sote, bega kwa bega."

"Toba!" bibi akaruka. "Mjukuu wangu mmoja, nyinyi kijiji kizima? Mtamgawana kama pilau?"

Mshenga wa nyapara akacheka mpaka redio ikaanguka. Baba Zena akasimama, akaashiria njia tuliyokuja nayo. Zena namwona mlangoni, amejishika kichwa. Maneno yamenijaa mdomoni mpaka mashavu yamevimba kama ya fuko. Nikisema, nimekosa mke. Nisiposema, katibu ananikosesha. Nikaung'ata ulimi.

Mara bibi akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Si mkwe hulima shamba la baba mkwe kabla hajapewa mke? Hawa wamesema ni wakwe wote. Wape majembe."

Katibu akarudi nyuma. "Ah, bibi, mimi ni mlinzi wa baiskeli tu."

"Ulisema sisi sote, au hukusema?"

"Nilisema kwa niaba…"

"Basi lima kwa niaba."

Baba Zena akamgeukia mshenga wa nyapara. "Na wewe, bwana wako yuko tayari kulima?"

"Bwana nyapara hashiki jembe, mzee. Ataleta vibarua."

"Kwa hiyo niwaozeshe vibarua?"

Yule mshenga akaokota redio, akaaga.

Nikalima, jamani! Nililima mpaka fuko wakahama na watoto wao. Katibu alilishika jembe kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Kwenye shamba la ujamaa kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi. Zena akaleta maji, akamimina yangu polepole.

"Mzigo gani huo umekuja nao?" akaninong'oneza. Nikanyamaza. "Nyamaza hivyo hivyo. Baba anasema huyu kijana mpole ana busara." Akaondoka anacheka, mabega yanaruka.

Alasiri baba Zena akaja kukagua. Akatazama tuta langu, akatazama la katibu, ambalo lilikuwa linakwenda kama limelewa.

"Huyu aliyenyamaza, mke nimempa. Harusi baada ya mavuno. Huyu msemaji mrudisheni mlikomtoa. Na hilo shamba lililobaki, hao wakwe zangu wengine wote waje walimalize kabla ya mvua. Nimewakubali wote, nisingependa kubagua."

Kurudi, njia ni ile ile, changarawe ile ile, lakini baiskeli ilikuwa nyepesi. Katibu viganja vimejaa malengelenge, tena kila kilima anashuka mwenyewe, anasukuma kwa kiwiko. Nami nilijifunza, msinione hivi. Nilijifunza kwamba jambo likiwa la makofi, ni letu. Likiwa la jembe, ni lako. Na Zena ndiye huyo amewapikia chai mnayokunywa, msiiache ikapoa.

Jumatatu tukaingia Kilosa, kijiji kizima kimekusanyika, ngoma inapigwa.

"Ndugu wananchi," katibu akasema, "posa yetu imekubaliwa!"

"Kijiji kimeoa! Kijiji kimeoa!" Watu wanaruka, mwenyekiti mbele yao wote, anacheza mpaka kofia imegeuka nyuma.

"Na baba mkwe wetu anawasubiri wote Ruhembe, kila mkwe na jembe lake."

Ngoma ikakatika. Nzi akipita unajua ni dume au jike. Watu wote wakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akaigeuza kofia, akakohoa kile kikohozi chake, mara sauti ikamtoka:

"Jamani, mimi nina mke tayari!"