Nukta Ukutani

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na mwaka wangu wa pili pale chuoni Mazimbu uoga huo ulipata kazi ya kudumu. Nilikuwa na mtihani wa marudio, wa kuulizwa ana kwa ana. Nikianguka nakula disko, yaani nafukuzwa chuo, narudi nyumbani Bigwa na mabegi mchana kweupe, majirani wakiangalia.

Somo lilikuwa ugeuzi wa Fourier wa picha. Unachukua mchoro, unauliza mistari yake inajirudia upande gani na kwa kukaribiana kiasi gani, na jibu linakuja kama nukta za mwanga. Fomula nilizikariri zote. Kuelewa, sikuelewa hata moja.

Jioni ya kuamkia mtihani nilikuwa Msamvu, namsaidia mama kufunga genge lake la matunda. Upepo ukatimua vumbi, nikajifunika uso kwa mtandio. Taa moja ya mbali, nilipoitazama kupitia kitambaa, ikagawanyika kuwa safu za nukta. Nikauvuta mtandio ili nyuzi ziachane. Nukta zikasogeleana! Badala ya kufurahi nikaingiwa na baridi, maana siku zote nilikuwa najibu kwamba zitaachana.

Kesho yake mhadhiri, mzee mpole ambaye upole wake ndio uliotutisha, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza hilohilo: mistari ikiachana, nukta zinafanyaje?

"Zinakaribiana."

"Una uhakika, binti?"

Sisi tumelelewa hivi: mkubwa akikuuliza kama una uhakika, ujue umekosea, uombe radhi. Mwenzangu aliyetangulia, nilimsikia nikiwa mlangoni, alijibu kama mimi, akaulizwa hivyohivyo, akalikana jibu lake. Alitoka analia.

"Samahani, mwalimu," nilisema, na kweli niliomba samahani. "Zinakaribiana."

"Hebu nionyeshe."

Akawasha kitochi chake cha leza, akakielekeza ukutani. Nikatandaza ncha ya mtandio mbele ya mwanga wake. Nukta nyekundu zikatokea, zote zinacheza, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Uoga wangu ulikuwa pale ukutani, mkubwa kuliko mimi, na mzee wa watu anautazama.

Nikavuta kitambaa. Zikakaribiana, huku zinatetemeka.

"Umefaulu," alisema. "Shusha mikono."

Nilishindwa kuishusha.