Kilio Kilichopita Nikiwa Melini

Wanawake ninaouza nao vitambaa hapa sokoni Kasongo hupenda kuniomba niwaelezee ile meli. Wanajua kwamba niliishi Ubelgiji kwa baba mudogo, na kwamba mara mbili familia yake ilinipeleka vakansi, yaani likizo, kwenye bahari ya Mediterania. Ninawaelezea vitanda, vyakula, na lile bwawa la kuogelea lililokuwa juu kabisa, maji juu ya maji. Wanapiga makofi kwa mshangao. Yaliyobaki siwaelezei.

Baba mudogo na baba walikuwa wa tumbo moja. Walizaliwa Lusangi, wakalima pamoja mpaka baba mudogo alipochoka na jembe, akaenda Salamabila kununua dhahabu kwa wachimbaji. Biashara ilimtoa Salamabila ikamfikisha Bukavu, kisha Ulaya. Huko alioa, akapata mapacha. Baba alibaki na mashamba yake ya mpunga na mihogo. Siku baba mudogo aliporudi kututembelea, aliniomba kwa baba. Nilikuwa nimeanza sekondari.

"Atasoma kule," alisema. "Atakuwa sawa na batoto yangu."

Baba alichinja mbuzi. Mama alinisuka nywele, akakaza mpaka nikalia.

Shule nilisoma kweli, siwezi kudanganya. Lakini nikitoka shule nilikuwa na mapacha: kuwaogesha, kuwalisha, kuwalaza. Kwa hiyo mama mudogo, mke wake, aliponiambia kwamba shule zikifungwa tutaenda wote baharini, sikulala vizuri kwa furaha. Nilidhani vakansi ni yangu pia.

Tulipanda meli Marseille. Chombo kikubwa nilichokijua mimi ni ile mashua ya injini tuliyovukia mto Lualaba, watu na mbuzi na madebe ya mawese pamoja. Huku kulikuwa na ngazi za kioo, maduka, muziki kila kona, na wahudumu waliokuinamia kama wewe ni mke wa gavana. Baba mudogo na mkewe walipewa kabine yenye baraza juu ya bahari. Mimi na mapacha tulilala kabine ya ndani, isiyo na dirisha. Huko usipowasha taa hujui kama jua limetoka. Meli ilipotia nanga, wakubwa walivaa miwani na kofia wakashuka kuona mji.

"Utabakia na batoto," mama mudogo aliniambia. "Jua kali itawaumiza."

Hivyo Napoli nimeiona kama ukuta wa nyumba za manjano na mlima nyuma yake. Palermo ni bandari, makontena, na mwanamume aliyevua samaki akitupa mgongo. Barcelona mapacha walikuwa wanatapika, sikuona hata hicho. Jioni wakubwa walikula mezani pa nguo nyeupe, sisi tukila viazi vya kukaanga kwenye chumba cha watoto. Niliporudi Ubelgiji, baba alinipigia simu. Alitaka kujua kama kwenye meli wanapika wali. Nilimwambia wanapika, ila unashikana kama ugali. Alicheka sana. Sikumwambia mengine, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu anayewasimulia majirani.

Mwaka uliofuata tulirudi Marseille. Tulikuwa kwenye foleni ya kupanda, nimebeba pacha mmoja, nimeshika mkono wa mwingine, ndipo simu ya baba mudogo ilipolia. Alitoka kwenye foleni, akaenda kusimama karibu na mikokoteni ya mizigo, ametupa mgongo. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa.

"Iko nini, baba?" nilimwuliza.

"Joto tu. Na kazi." Kisha akaniambia nizime simu yangu, kwamba baharini haishiki na itaharibika bure. Nikaizima.

Wiki ile alinipenda. Sina neno jingine. Alimwambia mkewe awalinde mapacha mwenyewe, kwa sababu na mimi ni mtoto. Aliniita nile kwenye meza ya wakubwa, akanikatia nyama kwa mkono wake. Napoli nilishuka; alininunulia barafu tamu na viatu vyekundu, tukatembea kama baba na binti. Aliniuliza nakumbuka nini cha Lusangi, akanisimulia jinsi baba alivyomfundisha kutega panya wa shamba walipokuwa wadogo, na katikati ya hadithi akasema twende, meli itatuacha. Niliwaza: hatimaye nimekuwa mtoto wake.

Siku moja alinisukuma kwenye bwawa kwa mzaha. Nilizama nikaibuka nikicheka, maji yakinitoka puani, nguo ya kuogelea ya mama mudogo ikinipwaya. Mama mudogo akapiga picha. Tulipofika bandari iliyofuata akazituma picha zote kwa ndugu, kama kawaida yake.

Safari ilipoisha tulishuka, tukaenda mahali magari yalipoegeshwa. Mapacha walikuwa wameshafungwa mikanda. Baba mudogo akaniambia nikae kwanza juu ya sanduku.

"Baba yako hayuko tena," alisema.

Sikuelewa. Nilimwuliza amekwenda wapi.

"Alikufa, mwanangu. Mushipa wa ngiri ulimukaba. Walimubeba na pikipiki wamupeleke Kasongo, hakufika."

"Lini?"

Alitazama bahari. "Siku ile tulipanda meli."

"Wamemuzika?"

"Wamemuzika."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, na jibu lake ninalo mpaka leo, neno kwa neno: "Ningekuambia, ungefanya nini? Meli haiwezi kurudi nyuma juu ya mutu moja."

Nilivua vile viatu vyekundu nikaviacha palepale. Mama mudogo alishuka kwenye gari akaviokota, akaviweka kwenye buti la gari, kisha akaanza kulia. Anaapa hata yeye hakuwa akijua. Sijui. Tulisafiri siku nzima kuelekea Ubelgiji, nami nikawa naipitia ile wiki upya, mlo kwa mlo, kila kicheko. Kumbe nyama ile, matembezi yale, vilikuwa vya yatima. Wote wawili tulikuwa tumefiwa, ila mmoja wetu ndiye aliyejua.

Niliomba kurudi nyumbani. Akasema karatasi zangu za kuishi Ulaya zinatengenezwa, nikitoka sitaingia tena, na kaburi limeshafunikwa. Nikabaki. Nilipopiga simu Lusangi, mama alijibu kwa ufupi, kama anayeongea na mgeni. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikataa kabisa kushika simu. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa.

Nilipomaliza shule sikungoja tena. Nilirudi. Kutoka Kasongo nilichukua pikipiki mpaka Lusangi, nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Shangazi alikuwa uani anamenya karanga. Hakuinua macho.

"Ule wa kucheka amefika," alisema, kama anayeziambia karanga zake.

Mama alinivuta ndani ya nyumba. Ndipo nilipojua. Baba mudogo alikuwa amewapigia simu akawaambia kwamba nimepata habari, kwamba ninalia, sili. Watu wakanihurumia. Kilio kikiwa bado kimejaa, wanawake wamelala uani kwenye mikeka, mpwa mmoja wa baba akafika kutoka Salamabila na simu yenye picha. Mimi bwawani, mabega wazi, nimefungua kinywa chote. Ile simu ilizunguka mkeka kwa mkeka. Mama aliipokea wa mwisho.

"Nilisema si wewe," mama aliniambia. "Nilisema ni mutoto mwingine. Lakini meno ilikuwa ya baba yako."

Nilimweleza yote, toka foleni mpaka lile sanduku. Alinisikiliza, kisha akasema tumpigie baba mudogo, na simu iwekwe kwa sauti kubwa. Shangazi alikuja akasimama mlangoni na ungo wake.

Baba mudogo hakukana. "Ile mambo imepita, shemeji," alisema. "Nilitaka kumulinda mutoto."

"Ulimulinda na nani?" mama aliuliza. "Na sisi?"

"Kama ningesema, vakansi ya wote ingeharibika. Batoto walikuwa wameingoja mwaka muzima."

"Na mukubwa wako alikufa wapi? Juu ya pikipiki, mikononi mwa watu hatujui. Wewe ulikuwa unacheza muziki."

Tukasikia anapumua. Kisha akasema mtandao ni mbaya, na simu ikakatika.

Mama aliniamini tangu saa ile, akanilaza kwenye kitanda chake. Nilimgeukia shangazi nikitegemea naye aseme neno. Alipepeta karanga zake mara kadhaa.

"Hata kama hakujua," alisema, "mutoto wa mutu angesikia ndani ya mwili."

Hakunisalimia siku ile wala siku zilizofuata. Niliondoka Lusangi nikaja kuishi Kasongo.

Mwaka jana baba mudogo alirudi, mvi kichwani, kujengea kaburi la mkubwa wake kwa saruji na marumaru. Nami nilikwenda Lusangi, kwa ajili ya mama. Shangazi alimpokea kwa vigelegele, akamkumbatia, akamwita ndugu aliyebaki. Watu walikula, bia zikaletwa. Baba mudogo akasimama, akashukuru wote, kisha akanigeukia mbele ya ukoo mzima.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Kila mtu alinitazama. Mama alitazama miguu yake.

Nikasema ndiyo. Watu wakapiga makofi. Sikuwa nimemsamehe, na nilipomtazama machoni niliona kwamba anajua. Alinishukuru kwa sauti kubwa, akaketi, akaomba kifungulio cha chupa.